Mwizi Aliyeshikwa na Mali Mkononi

Katika vijiji vyetu vya Kilosa na Mikumi liko neno lisemwalo kila mara mtu anaposhikwa usiku na mbuzi wa jirani, nalo ni hili: "Huyu ana haki gani tena?" Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi ni wakulima waliolima kwa jembe la mkono, wakavuna magunia machache, na asubuhi moja wakakuta ghala tupu. Hasira yao twaijua, wala hatuidharau. Walakini swali lenyewe, tukilipima vizuri, ni kubwa kuliko huyo mbuzi: je, haki ya mtu yatoka katika wema wake, hata akitenda ubaya iondoke?

Sheria ya nchi yetu imekwisha jibu. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Yataka asikilizwe kwa ukamilifu, apate nafasi ya kukata rufani, wala asiteswe. Haki hizo zilitiwa katika Katiba mwaka 1984. Babu zetu walijua serikali isiyouliza sana. Zama za Wadachi, ambao walikuwa na boma lao hapa Kilosa, viboko ishirini na vitano vilikuwa jambo la kawaida, hata wao wenyewe wakaitwa "watu wa hamsa ishirini". Ni ajabu kwamba sisi wajukuu wa waliopigwa vile ndio tuikimbiliayo fimbo kwanza.

Mtu atasema, "Lakini huyu tumemwona kwa macho yetu." Vema, tufikiri. Mtu aonekana alfajiri katika njia ya Zombo, anasukuma baiskeli ya mtu mwingine. Kelele zapigwa. Wajao mbio hawakuona kitu. Wamesikia kelele tu. Wa kwanza ameiona baiskeli, wa pili amemsikia wa kwanza, na wa kumi akuta watu wanapiga, naye apiga. Huenda mtu yule aliinunua jana kwa mwizi mwenyewe, huenda aliiazima, huenda kweli ameiba. Nani kati ya wale kumi ajua? Wala kukiri kwake hakutusaidii, kwa kuwa mtu aliye chini ya fimbo hukiri lolote.

Si kwamba sheria yataka tumtazame mwizi akienda zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa raia ruhusa ya kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele ya macho yake, ila nguvu atumiayo isizidi ile ya kumzuia, tena amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Wakimpiga mpaka akafa, kila aliyeshirikiana na wenzake kwa nia hiyo ahesabiwa kuwa mtenda kosa, hata kama yeye alirusha jiwe moja tu. Hivyo mwenye baiskeli aweza kulala rumande kwa shtaka la mauaji, na baiskeli yake ikawa kielelezo mahakamani.

Kwa polisi nako aliyekamatwa ana haki zake. Aambiwe sababu ya kukamatwa, kwa lugha aijuayo. Akikamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, na ikiwa hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, yapasa aachiliwe kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane zito. Wengi humwona mtu wa dhamana sokoni, wakanong'ona kwamba amehonga. Dhamana si msamaha, ni ahadi ya kurudi siku ya kesi, nayo hailipiwi kituoni.

Hapa ndipo tutakapojibiwa kwa ukali: "Ninyi waalimu mwasema ya vitabuni, kuna wakubwa wanunuliwao." Jibu hilo lina uzito, na Kilosa twajua gharama yake. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa na wafugaji, baada ya magomvi ya mifugo na mashamba. Wataalamu waliokuja kuchunguza waliandika kwamba sababu mojawapo ni hii: pande zote mbili zilikuwa zimekwisha poteza imani kwa wakubwa, kwamba wataka au waweza kuamua kwa haki. Basi rushwa ni chanzo kweli. Lakini tuwatazame waliokufa. Je, mla rushwa alikuwamo? Waliokufa ni wakulima. Mtu akichoka kungoja hukumu akashika silaha, pigo lake humwangukia jirani, na yule aliyeiuza haki hubaki kazini kwake. Dawa ya hakimu mbaya ni kumshtaki hakimu mbaya, na TAKUKURU ipo kwa kazi hiyo. Njia ndefu, ndiyo, na yachosha.

Tena asidhani mtu kwamba haki hizi ni za wezi tu. Barabara kuu yapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na magari hugonga wanyama. Mtu mwema apita, akuta swala amekufa, amchukua kwa kitoweo. Hakuua, hakutega. Lakini mnyama yule, hata akifa kwa ajali, ni nyara ya serikali, na kuwa na nyama yake bila kibali ni kosa zito. Kutojua sheria si udhuru. La sivyo kila mtu angesema hakujua. Siku hiyo mtu huyu, aliyekuwa akipiga kelele "ana haki gani", ataitaka kila haki tuliyoitaja.

Nasi tujuao kusoma tuna deni kwake. Sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 2021 ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama. Tangu mwaka 2017 iko pia Sheria ya Msaada wa Kisheria, kwa ajili ya wasio na fedha ya wakili. Na aliyehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani kwenda Mahakama ya Wilaya. Wengine humaliza siku hizo wakitafuta mtu wa kuwaandikia.