Viatu vya Mapokezi

Kwa miaka kadhaa nilisimamia wafanyakazi wa mapokezi katika ofisi moja hapa mjini. Kanuni ilikuwa imeandikwa: wanawake wavae viatu vya mchuchumio, nywele zisukwe, kucha zipakwe rangi. Wanaume walidaiwa viatu vyeusi na suruali iliyopigwa pasi, basi. Siku moja nilimwona dada mmoja amevua kiatu chini ya meza. Kisigino kilikuwa kimechubuka hadi damu. Nikamwambia avae haraka, kuna mgeni anaingia. Jioni hiyo ilikuwa zamu yangu kuongoza ibada ya jumuiya, nami nikaiongoza.

Jambo hili si la ofisi yetu tu. Mwaka 2015, jijini London, Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo siku yake ya kwanza ya kazi ya mapokezi, kwa kuwa alikataa kuvaa viatu vyenye kisigino cha inchi 2 hadi 4. Ombi lake kwa Bunge lilipata saini zaidi ya 150,000. Mwaka 2019 Yumi Ishikawa akaanzisha harakati kama hizo Japani.

Mwajiri ana haki ya kudai unadhifu. Muuguzi hukata kucha kwa ajili ya mgonjwa. Fundi wa ujenzi huvaa buti ili msumari usimchome. Masharti hayo yana mtu yanayemlinda. Mchuchumio wa mapokezi ulimlinda nani? Ulipendezesha macho ya mgeni, na gharama yake ilikaa kwenye kisigino cha dada yule. Wapo wanaoupenda, wauvae kwa furaha yao; mimi nazungumzia amri. Wala tusiseme angeacha kazi. Mwenye ada za watoto haachi kazi kwa sababu ya kiatu, na sisi wasimamizi tulilijua hilo. Katika Mathayo 23 Bwana anawakemea wanaowatwika wengine mizigo wasiyoigusa wao wenyewe. Mimi nilivaa viatu vya chini.

Kanisani nako hatujambo? Mama huyohuyo anayelazimishwa mchuchumio Jumatatu, Jumapili akija nao ananong'onezwa kuwa ni wa kidunia. Akija na kandambili, kwaya inamweka mstari wa nyuma. Yakobo, sura ya 2, aliwaonya waumini juu ya kumpa kiti kizuri mwenye mavazi mazuri, lakini sisi tunalisoma onyo hilo kana kwamba linahusu matajiri peke yao.

Kila Alhamisi Kuu tunasoma jinsi Yesu alivyoishika miguu ya wanafunzi wake, na vumbi lake, akaiosha. Nimelisoma somo hilo mbele ya usharika mara nyingi. Dada yule tunasali naye. Siku hizi huvaa viatu vya chini, na tukisalimiana mlangoni hunipa mkono vizuri. Bado sijamwomba radhi.