Udhia wa Njiani

Mtu aliyezoea pwani, ambako koga humea hata juu ya ukuta uliopakwa chokaa juzi, hustaajabu kuambiwa kwamba Lodwar, mji wa Turkana upatao kiasi cha milimita 200 tu za mvua kwa mwaka mzima, nako matofali ya njia huteleza. Lakini hapana ajabu, kwani njia ya msikiti ipitayo kando ya mabomba ya udhu hunyweshwa mara tano kila siku, na penye maji na mwanga mwani haukosi.

Jinsi ya kuusugua kila mtumishi wa msikiti aijua: brashi ngumu, sabuni, siki kidogo palipokaidi, kisha jua la Turkana limalize kazi. Linalonishughulisha ni hoja ya kuusugua. Wengi hujibu upesi kwamba ni uchafu, na wakishasema uchafu hudhani wamesema najisi. Ilhali wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, akiwamo Imamu Nawawi katika Minhaj, walikwisha kukata shauri kwamba maji yaliyogeuzwa na mwani uliomea humo humo hayapotezi tahara yake, na mtu aweza kuyatawadhia, kwa kuwa kuyakinga nao ni mashaka.

Mwenye shaka na ashuke Kalokol, kwenye Ghuba ya Ferguson ya Ziwa Turkana, ambako maji ni kijani kwa mwani aushutumuo, na ngege huula, na watu huwala ngege. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Norwe ilijenga huko kiwanda cha kugandisha samaki. Mto Omo, ulishao ziwa hilo, ulipopungua maji, ziwa likarudi nyuma, ghuba ikakauka kwa muda, na kiwanda kikabaki nchi kavu, kisafi kwa kadiri ya kumridhisha mchukia mwani yeyote, bila samaki wa kugandisha.

Basi hoja iliyosalia ni udhia, ambao kuuondoa njiani Mtume alikuhesabu katika matawi ya imani. Mzee aangukaye haulizi kama kilichomtelezesha kilikuwa tahiri. Hata hivyo siafikiani na waishiao kwenye brashi. Sehemu kubwa ya kijani hicho hailishwi na wenye kutawadha, bali na koki ivujayo usiku kucha, katika mji ambao wanawake huchimba mchanga wa mito iliyokauka wapate ndoo moja. Na hiyo ndiyo israfu, ambayo twafunzwa kujihadhari nayo hata atawadhaye penye mto uendao. Kumwamuru mtumishi asugue kila Alhamisi, huku koki imeachwa, ni kumtwika dhima ya mwenziwe. Dhima hiyo ni ya msimamizi wa wakfu, naye kwanza anunue mpira wa koki, ambao bei yake ni shilingi chache, ndipo azungumze habari ya klorini ya kuua mwani.