Nje ya Mita 60

Kila masika, Dar es Salaam huwa na neno linalorudi pamoja na maji: wavamizi. Mto Msimbazi ukifurika Jangwani au Kigogo, kabla hata matope hayajakauka utasikia kwenye daladala, au utasoma kwenye grupu la ukoo, kwamba wale watu walikatazwa, wakakaidi, sasa wanamlilia nani? Nalishuku neno hili, ingawa nakiri kwamba lina msingi.

Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 uliliweka bonde la Msimbazi katika ardhi hatarishi, isiyofaa kwa makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo ikazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Desemba 2011 mvua ikaua watu wapatao 40 jijini, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini. Wapo waliohamia. Wapo pia waliouza kiwanja na kurudi bondeni, na sioni sababu ya kuwapamba. Hapo ndipo mjadala hufungwa kwa neno moja: walijua.

Sawa, walijua. Mama anayetakiwa kuwa Kariakoo alfajiri kufungua meza yake ya dagaa alijua mambo mawili: kwamba mto unaweza kumfuata kitandani, na kwamba kutoka Mabwepande nauli ingekula mtaji. Alichagua hatari inayokuja mara chache badala ya ile ya kila siku. Na hakuwa peke yake. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile, na wahandisi waliokuwa na ramani zote mezani. Ikafurika, mabasi yakaharibika. Sikumsikia mtu akiyaita yale mabasi wavamizi.

Lakini sitaki kuishia kwenye kusema serikali nayo ilikosea, kwa hiyo ngoma droo. Kinachonisumbua kiko juu zaidi, kule ninakopanga.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Kinyerezi na Tabata, unashuka Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Mimi naishi Kinyerezi, mlimani. Palikuwa na mikorosho na miembe. Sasa pana mabati na kuta. Mwenye nyumba wetu ametandaza pavingi ua mzima, akaacha bomba moja ukutani linalomwaga maji uchochoroni. Mvua ikipiga nusu saa, ikikatika ua unang'aa kama umepigwa deki. Maji yale, ambayo zamani udongo na mizizi ingeyanywa polepole, yanakimbilia kwa jirani wa chini, naye ana pavingi, naye ana bomba. Hakuna kati yetu aliyejenga ndani ya mita 60. Hakuna aliyechorewa alama ya X nyekundu ukutani. Sheria inauliza tu unakaa wapi. Haiulizi unapeleka nini kwa wengine. Basi aliye kwenye njia ya maji ana kesi ya kujibu, na anayeyatuma ana hatimiliki.

Nimewahi kujibiwa kwamba ua mmoja hauzamishi mtaa. Ni kweli, na ndiyo hoja ngumu kuliko zote katika jambo hili, kwa sababu ukiniondoa mimi na mwenye nyumba wangu, Jangwani itafurika vilevile. Ila hatuishi kwa hesabu hiyo mahali pengine. Kwenye michango ya harusi, elfu 20 yako haioneki kwenye bajeti ya milioni 15, na ukumbi utalipiwa hata usipotoa. Bado mweka hazina anaandika jina lako daftarini, na usipotoa anakupigia. Tunaelewa vizuri kabisa kwamba kitu kinachofanywa na wengi kinamdai kila mmoja sehemu yake, hata ikiwa ndogo. Kwa nini uelewa huo unaishia kwenye harusi?

Ukiukubali, lugha nzima ya baada ya mafuriko inabadilika. Magodoro, unga na blanketi tunavyokusanya tunaviita msaada, na anayepokea anapigwa picha akishukuru. Sehemu ya ule mzigo ni deni. Hata mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ulizua mabishano kuhusu nani anastahili fidia, na nimesikia watu wa mlimani wakisema kwa uchungu kwamba wavamizi wanalipwa kwa kodi zetu. Kodi zetu, ndiyo. Na maji yetu.

Deni lenyewe halihitaji kusubiri mkopo. Wa bondeni wanajiandaa kwa namna zao: wanainua vizingiti, wanapanga viroba vya mchanga mlangoni, wanapandisha godoro na mabegi ya shule kwenye kenchi za paa. Sisi wa juu hatujiandai kwa lolote kwa sababu hatuzami. Tungeweza kuacha nusu ya ua iwe udongo, na bomba la paa lielekezwe kwenye simtanki badala ya uchochoroni. Na kuna jambo dogo zaidi. Mvua inaweza kunyesha Pugu wakati Jangwani kuna jua, watoto wanacheza mpira, kisha mto ukapanda bila tone moja kudondoka pale. Sisi tunaona lile wingu mapema, na mtaa wangu, kama ule wao, una mwenyekiti mwenye simu. Nilipopendekeza kwenye mkutano wa mtaa kwamba mvua kubwa ikianza wenyeviti wa juu wawapigie wa chini, mzee mmoja aliuliza kama hiyo ni kazi yetu. Mwenyekiti akasema swali ni zuri, akaliandika kwenye agenda ya mkutano ujao, baada ya taka na ulinzi shirikishi.