Kugoma kwa Ada: ni dhamiri au ni kiburi?



Kijana mwenzangu, leo naomba tuongee mpira. Usikimbie kama si mpenzi wa soka, maana swali lenyewe linaweza kukukuta hata kwaya, hata kazini.

Miaka kadhaa nyuma nilichezea timu ya wasichana ya vijana parokiani. Likaja bonanza. Wavulana wakapangiwa saa kumi jioni, jua limepoa, wana jezi mpya. Sisi saa saba mchana, jua la utosi, na jezi zao za mwaka juzi. Rafiki yangu, ndiye aliyekuwa mshambuliaji wetu tegemeo, aliwafuata viongozi mara mbili, kwa adabu kabisa, kuuliza kwa nini iwe hivyo kila mwaka. Akaambiwa wataliangalia mwakani. Siku ya mechi hakutokea. Mimi nilimsema mbele ya wenzetu: anajiona, ana kiburi, ametuacha. Hakurudi tena timuni.

Basi niliposoma habari za Ada Hegerberg, nilimkumbuka yeye.

Ada ni Mnorway aliyezaliwa mwaka 1995, mwaka uleule ambao wanawake wa Norway walitwaa Kombe la Dunia. Kwa hiyo ametoka nchi ambayo soka la wanawake si jambo geni hata kidogo. Mwaka 2017 alicheza mashindano ya Ulaya kule Uholanzi. Norway ikafungwa mechi zote tatu na haikupata hata bao moja. Muda mfupi baadaye, akiwa na miaka 22 tu, akatangaza kwamba haichezei tena timu ya taifa. Alisema soka la wanawake halipewi heshima na uzito unaostahili. Watu wakadhani ni pesa. Mwaka huohuo shirikisho la soka likakubali kulipa timu za taifa za wanaume na wanawake sawa, wanaume wakiachia sehemu ya mapato yao. Tukadhani atarudi. Hakurudi. Kwake tatizo lilikuwa namna wachezaji wanavyoandaliwa na kuchukuliwa, na fedha pekee hazikulimaliza.

Hapo ndipo wengi walipomchoka. Eti anataka nini tena? Kiukweli hata mimi ningeuliza hivyohivyo. Hebu fikiria nyota wa Twiga Stars akatae wito wa taifa, tungemwita nani? Msaliti, bila kupepesa macho.

Lakini kuna tukio moja ambalo kwangu linasema mengi. Desemba 2018, jijini Paris, Ada akawa mwanamke wa kwanza kupewa Ballon d'Or. Yuko jukwaani, usiku mkubwa kuliko wote wa maisha yake ya mpira, na DJ aliyekuwa mmoja wa washereheshaji akamwuliza kama anajua kukata mauno. Akajibu hapana, basi. Dunia ikawaka hasira kwa niaba yake. DJ akaomba radhi, na Ada mwenyewe hakulikuza jambo lile. Sasa mtu wa kiburi hukasirika pale heshima yake binafsi inapoguswa. Huyu alipoguswa yeye mbele ya dunia nzima aliachilia, ila suala la jinsi wachezaji wanavyotunzwa hakuliachilia miaka karibu mitano. Kwa kweli hilo lilinifanya nipunguze hukumu.

Halafu kuna gharama. Mei 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Budapest, aliifunga Barcelona mabao matatu ndani ya dakika 16 tu, Lyon ikashinda 4-1. Wiki chache baadaye Kombe la Dunia likaanza Ufaransa, nchi aliyokuwa akichezea, na fainali ikapigwa Lyon, kwenye uwanja wa klabu yake. Bila yeye. Hakuna aliyejua kama nafasi ile ingerudi akiwa bado na miguu ileile, na Januari 2020 goti lake likaharibika; alikaa nje karibu miezi ishirini.

Ila nisimpambe sana. Ada alikuwa na Lyon, vikombe na mshahara. Kukataa ni rahisi kidogo ukiwa na uwanja mwingine wa kwenda. Rafiki yangu hakuwa nao. Tena bili ya mgomo hailipwi na mgomaji peke yake. Norway ilifika robo fainali ile ya 2019 ikafungwa 3-0 na Uingereza, na waliofungwa ni akina Maren Mjelde na Caroline Graham Hansen, waliobaki kikosini. Je, wao walikosa dhamiri? Sithubutu kusema hivyo. Kubaki nako kunaweza kuwa ujasiri. Kunaweza pia kuwa woga uliovaa jina la utii, na anayejua ni lipi kati ya hayo ni mwenyewe, akiwa peke yake mbele ya Mungu.

Mimi nilibaki. Na nikijichunguza vizuri, kama vile kabla ya kitubio, nilibaki kwa sababu niliogopa viongozi wasinichukie. Hasira yangu kwa rafiki yangu ilitoka hapo hapo: alifanya nilichotamani kufanya.

Ada alirudi mwaka 2022, mwezi uleule ambao Lise Klaveness, mchezaji wa zamani wa taifa, alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho. Mechi ya kwanza akaifunga Kosovo mabao matatu. Vizuri. Julai, mashindano ya Ulaya, Uingereza ikawapiga nane bila, naye akiwa uwanjani. Nane! Angeweza kuondoka tena na sababu asingekosa. Akabaki, na mwaka 2025 kule Uswisi alikuwa nahodha. Robo fainali na Italia akakosa penalti, akafunga bao, wakatolewa 2-1.

Wiki iliyopita nilimtafuta rafiki yangu WhatsApp. Nikamwomba msamaha kwa maneno yale ya siku ile. Alikaa kimya mpaka usiku, nikajua ndiyo basi. Kumbe alikuwa analaza mtoto. Akaniandikia: "Hivi siku ile mlishinda?"

Nikamwambia tulifungwa tatu bila.