Deni la René Maran

Kwetu hakuna jina linalochoma kama kuitwa mtovu wa fadhila. Mwizi hutubu, mlevi huacha pombe, lakini aliyelelewa kisha akamgeuka mlezi wake hubaki na jina hilo mpaka kwa wajukuu. Ndiyo maana kisa cha René Maran na riwaya yake Batouala hakinitoki moyoni. Shutuma zilizomwandama Ufaransa zilikuwa za namna hiyohiyo.

Desemba 1921, wajumbe kumi wa Akademia ya Goncourt jijini Paris walipiga kura, zikagawanyika tano kwa tano. Kura ya rais wao ikahesabiwa mara mbili, na tuzo yao ya fasihi ikaenda kwa Maran, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Fort-Archambault, nchini Chad, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Wazazi wake walitoka Guyana ya Kifaransa. Alizaliwa mwaka 1887, akapelekwa shule ya bweni Bordeaux angali mtoto, na alipokuwa mtu mzima akaajiriwa Ubangi-Shari, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Kilichowasha moto kilikuwa utangulizi wa riwaya hiyo. Humo Maran alieleza jinsi eneo lililokuwa na watu wengi na utomvu tele wa mpira lilivyoteketezwa kwa muda wa miaka saba tu, kisha akawaomba waandishi wenzake wa Ufaransa wapaze sauti. Kitabu kikapigwa marufuku katika makoloni. Magazeti yakauliza: huyu si amesomeshwa na Ufaransa? Si analipwa mshahara na Ufaransa? Anathubutuje kuichafua? Waliouliza hivyo hawakupoteza muda wao kutafuta kama aliyoyasema yalikuwa ya kweli.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliusoma utangulizi kwa hasira, nikaipitia riwaya haraka. Mara ya pili niliuruka utangulizi. Hapo ndipo nilipokutana na mtu. Alfajiri, moto uliowashwa jioni umebaki makaa, na chifu Batouala amelala akiwaza: aamke, au asinzie tena kidogo? Anajikuna. Anapima baridi ya nje na joto la ndani. Karibu yake yupo Djouma, mbwa mdogo mwekundu mwenye huzuni. Kurasa nzima zinapita na mtu huyu bado hajaamua kuinuka. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo, kwa sababu nami asubuhi ile nilikuwa nimejadiliana na blanketi langu vivyo hivyo. Msomaji wa Paris aliyezoea kumhesabu Mwafrika kama kichwa cha kodi alipewa hapa asubuhi ya mtu, mvivu kidogo, mwenye mawazo yake, bwana wa nyumba yake. Kwangu mimi kurasa hizi ni shtaka zito kuliko utangulizi wote.

Sisemi kitabu hakina dosari. Sura ya ngoma inawapa wasomaji wa Ulaya kilekile walichokuwa wakikitamani, miili na tamaa, na wapo weusi walioona haya kuisoma. Nawaelewa. Lakini katika ngoma hiyohiyo wanakijiji wanasema wazi kwamba machoni pa wazungu wao ni nyama ya kutozwa kodi tu, na Maran hakuwakata maneno.

Sasa turudi kwenye fadhila, maana siipuuzi. Aliyekulisha una deni lake. Swali ni nani aliyemlisha Maran. Sheria ya fedha ya Ufaransa ya mwaka 1900 iliyataka makoloni yajilipie gharama za utawala wake. Ubangi-Shari haikuwa na hazina nyingine kubwa ila kodi ya kichwa, na kuipata kodi hiyo mtu aliingia msituni kugema mpira, akaacha shamba lake likimezwa na majani. Basi mshahara wa ofisa yule ulitoka, kwa sehemu isiyo ndogo, katika mikono ya akina Batouala. Hao ndio waliomlisha miaka yote aliyokaa akiwasikiliza. Kama angenyamaza ili kuwaridhisha wakubwa wake, hapo ndipo angekuwa mtovu wa fadhila, tena kwa watu waliomlipa bila kuulizwa.

Miaka michache baadaye André Gide, mzungu mwenye jina kubwa, alisafiri hukohuko, na mwaka 1927 akachapisha Voyage au Congo, akieleza maovu yaleyale. Makampuni ya mpira yalimjia juu, lakini bungeni yakafanyika mazungumzo. Nafurahi kwamba alisikilizwa. Hata hivyo nahisi uchungu nikikumbuka kwamba ushahidi ulikuwa umekwisha kutolewa, na mtu aliyeishi pale miaka mingi, si mgeni wa miezi kadhaa.

Maran hakudumu kazini. Aliacha utumishi akahamia Paris, akaishi kwa kalamu, na akaendelea kuipenda Ufaransa kwa mapenzi ambayo baadhi ya vijana weusi waliomwita mtangulizi wao hawakuyaelewa. Nadhani mimi nayaelewa: alimwambia ukweli mtu aliyempenda, kama tunavyotarajia ndugu afanye. Mwaka 1938 alitoa upya Batouala, akiwa ameipitia na kuiongezea, na utangulizi ule akaurudisha mbele ya kitabu. Alifariki Mei 1960. Agosti mwaka huohuo nchi ya akina Batouala ikapata uhuru.