Jasho la mwombaji kazi ni la nani?

Kijana mmoja niliyemfundisha sekondari alinisubiri baada ya swala ya Isha, akanivuta pembeni mwa baraza la msikiti na kuniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Ustadh, mtu akijibu uongo kwenye mtihani wa kompyuta, ambao hakuna anayeusimamia, anaandikiwa dhambi?"

Nikamtaka anieleze mkasa wote. Aliomba kazi ya ofisa masoko katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Akaletewa mtihani kwa barua pepe. Kwanza maswali ya hesabu na mantiki, kila swali na sekunde zake. Kisha maswali 150 ya tabia: nakubali kabisa, nakubali kidogo, sikubali. Kisha ajirekodi video akijibu maswali yanayojitokeza kwenye kioo, bila mtu wa kumtazama usoni wala kumwitikia. Mwisho aandike mpango kamili wa kuuza bidhaa ya kampuni hiyo kwa miezi 3, pamoja na bajeti yake. Kwa hesabu yake alitumia saa 11, katika siku 4. Umeme ulikatika katikati ya yale maswali ya tabia, akaanza upya. Bando alinunua kwa fedha aliyokopa kwa dada yake. Baada ya hapo, kimya. Sasa ni wiki ya 6.

Kilichomkosesha usingizi si kimya hicho. Ni swali moja lililomtaka aseme kama hajawahi kumkasirikia mtu aliyefanya naye kazi. Amewahi, na nani hajawahi? Lakini rafiki yake aliyekwishapita njia hiyo alimwambia kwamba mashine haitaki ukweli, inataka "nakubali kabisa". Akabonyeza hivyo.

Nilimwambia kuwa uongo ni uongo hata ukiambiwa mashine, kwa sababu nyuma ya mashine yupo mtu atakayeuamini. Atubie, na siku nyingine ajibu alivyo. Hilo halikunipa taabu. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo lilipoanza kunisumbua swali ambalo yeye hakuliuliza, nadhani kwa kuwa tumewazoesha vijana wetu kujihesabu wao peke yao: na yule aliyemtungia mtihani, yeye hana la kuulizwa?

Hapana shaka mwajiri ana haki ya kumpima anayetaka kumwajiri. Katika Surat al-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.) kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Aya hiyo ya 26 tunaitaja sana kwenye semina zetu za uongozi na ajira, na mara nyingi tunaishia hapo. Ndugu msomaji, rudi nyuma aya moja tu. Musa alikuwa amewanyweshea wanyama mabinti wale bila kuombwa na bila kudai chochote, kisha akaenda zake kivulini. Mzee alipopata habari, alimwita ili amlipe ujira wa kazi ile ya kunywesha. Habari ya ajira ilikuja baadaye. Yaani kazi iliyodhihirisha kwamba Musa anafaa kuajiriwa ilihesabiwa kuwa ni kazi, na mwenyewe akaitiwa malipo yake. Kisha masharti yakawekwa wazi: miaka 8, akitimiza 10 ni hiari yake, na mzee akaongeza kuwa hataki kumtaabisha.

Wapo watakaosema kwamba huu si mkataba wa ujira, bali unafanana na kile mafakihi wanachokiita ju'ala, kama ile ahadi katika Surat Yusuf ya shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme. Asiyelileta hana chake. Hoja hii ina uzito na nimeitafakari sana. Lakini katika ju'ala aliyelileta kopo anajulikana kuwa amelileta. Kijana wangu ameleta alichoambiwa alete. Mpango wake umo kwenye kompyuta ya kampuni, na hakuna aliyemwambia kama ndicho kilichokuwa kinatafutwa au sicho.

Maswali ya dakika 20, hata ya saa nzima, mimi sina ugomvi nayo. Faida yake pekee ni mwajiri kumjua mtu. Mpango wa mauzo unaoweza kutumika kesho asubuhi ni jambo jingine. Hiyo ni kazi, na aliyeifanya anastahili ujira wa kazi ya mfano wake, aajiriwe asiajiriwe.

Wengi wanaikumbuka Juni 2014, pale waombaji zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zilizagaa, watu wakasikitika. Lakini angalau siku ile wasimamizi nao walilazimika kuwapo, kugawa karatasi na kuzisahihisha. Kila swali lilimgharimu pia aliyeuliza. Kwenye mtandao, kuongeza swali moja au mia hakumgharimu mwajiri kitu, na ndiyo maana maswali yanaongezeka. Chukua mfano wa waombaji 300 wakitumia saa 11 kila mmoja. Ni saa 3,300, kazi ya mtu mmoja ya zaidi ya mwaka mzima, imetolewa bure, na hakuna picha ya uwanja uliojaa kwa sababu kila mmoja yuko chumbani kwake.

Waajiri nao wana kilio chao. Tangazo moja linaleta barua nyingi kuliko wanavyoweza kusoma. Basi wachuje kwa jaribio fupi, na ile kazi ndefu wawape watatu au wanne wa mwisho, wawalipe, na wengine wajibiwe japo kwa mstari mmoja.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini usiku ule nilifungua jalada la kazi zangu nikakutana na jambo ambalo siwezi kulificha nikiwa nimeshayaandika haya. Mwaka jana nilikuwa katika jopo la kuajiri mwalimu katika shule ninayofundisha, shule ya Waislamu. Tuliwataka waombaji wote 23 watuletee azimio la kazi la mwaka mzima na maandalio matano ya somo. Tulimwajiri mmoja. Wengine hatukuwajibu. Na azimio la kazi ninalofundishia Kidato cha Pili hadi leo ni la dada mmoja ambaye hatukumchukua. Lilikuwa zuri kuliko langu, nikalichukua.

Namba yake ilikuwa kwenye barua ya maombi. Nilimpigia Jumatatu, nikamweleza na kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mlilisoma?" Nikamwambia nataka kumlipa, anitajie kiasi. Akasema mimi ndiye ninayelitumia, nitaje mwenyewe. Bado sijamtajia.