Jasho la Mwenye Msasa

Juzi, katika karakana moja karibu na mfereji wa Nakivubo, Kampala, niliona mgawo wa malipo ulioninyima usingizi. Mtumbwi wa mvule, ulioagizwa kupamba ukumbi wa hoteli, ulikuwa umekamilika. Kijana aliyeupiga msasa siku nne, namba 80, kisha 120, mwisho 220, alipewa nusu ya ujira wa mpaka vanishi aliyeshika brashi asubuhi moja.

Thamani ya kazi, wanasema, ni jasho, au uhaba, au hamu ya mnunuzi. Haya, na iwe hivyo. Kwamba mwenye karakana ndiye aliyenunua mbao, na hasara ingekuwa yake, nakubali.

Ila hoja moja inanichoma: "Mteja ananunua mng'aro, msasa hauonekani." Hauonekani? Rangi ya mafuta husitiri, vanishi huumbua. Mkwaruzo uliokatiza nyuzi za mbao, usioonekana mbao ikiwa kavu, hujitokeza vanishi inapoulowesha. Aliyeruka kutoka 80 hadi 220 hujulikana hapo, na asiyepangusa vumbi pia. Basi mng'aro huo unaonunuliwa ni nini, kama si msasa wenyewe uliolowa? Wananiambia tena, "Kusugua hata mtoto aweza." Na afumbe macho, apitishe kiganja ubavuni mwa mtumbwi, aseme wapi pana kibonde. Kijana yule alipajua. Kosa lake ni kwamba kazi yake ikifanywa vizuri hujifuta. Ikiharibika ndipo hutafutwa mwenyewe. Vumbi la mvule, liwashalo macho na kifua, halikugawanywa nusu kwa nusu.

Msasa wenyewe ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Ni wa jamii ya mkuyu, na majani yake makavu hukwaruza. Waganda huuita luwawu. Jani lililosugulia mbao likichakaa lilitupwa. Nalo hunikumbusha mafunjo kule chini, mfereji unakoishia kabla ya Ziwa Viktoria. Uchafu wa Kampala hupita humo, ukachujwa kiasi, kabla ya kufika ghuba ile ile inayotekwa maji ya bomba pale Ggaba. Mafunjo hayajawahi kuleta ankara. Tumeyafyeka tukapanda magimbi.

Nilimshauri kijana adai haki yake.

"Mzee," akasema, "nidai kwa kuonyesha nini? Nikiacha alama, nimeharibu."

Nilitaka kumjibu. Mtumbwi ukapita mlangoni, umebebwa na watu sita, unang'aa.